Ni Nini Kingeiangusha Namba Hii?

Kati ya Julai na Septemba 1882, mwanaastronomia Mmarekani Simon Newcomb alikuwa akirusha mwanga kutoka Fort Myer, kuvuka mto Potomac, hadi kwenye kioo kilichowekwa chini ya Mnara wa Washington, kisha anaupokea ukirudi. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa mita 7,400 hivi. Alipima mara 66. Karibu kila mara mwanga ulitumia nanosekunde 24,800 na ushei, kwa hiyo watakwimu wamezoea kuandika ule ushei peke yake: 28, 26, 33, 24, 34, na kuendelea. Ukiipitia orodha hiyo jicho linakwama mahali pawili. Mahali pamoja imeandikwa −44, pengine −2. Namba nyingine zote 64 ziko kati ya 16 na 40.

Wastani wa zote 66 ni 26.2. Ukiitoa −44 peke yake, unapanda hadi 27.3. Ukizitoa zote mbili, 27.75. Newcomb aliitoa −44 akaibakiza −2, uamuzi ambao ukiutazama leo unafanana na wa mzazi anayemfukuza mtoto mmoja mezani na kumwonya mwenzake. Tuseme sasa karani wake alikosea, akaandika −4400 badala ya −44. Wastani ungeshuka hadi karibu −40, yaani chini ya vipimo vyote 64 vilivyo safi. Lakini zipange namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati, ile tunayoiita mediani. Ni 27. Andika −4400, bado ni 27. Zitoe zote mbili, ni 27.5.

Watakwimu huiita sifa hiyo ustahimilivu, na wengi huifundisha kama sura ndogo ya ufundi: hapa tumia wastani, pale tumia mediani. Naona wanaipunja. Ustahimilivu ni swali ambalo kila namba inayotangazwa inapaswa kuulizwa kabla hata ya kuulizwa kama ni sahihi: ni vitu vingapi, na vidogo kiasi gani, vingetosha kuiangusha? Kitu hicho chaweza kuwa kipimo kimoja kibovu. Chaweza kuwa dhana ambayo mchambuzi aliichukua bila kuisema. Chaweza pia kuwa mchambuzi mwenyewe.

Tuanze na kipimo kibovu, maana hapo hesabu zimekomaa. Mwaka 1968 Frank Hampel, katika tasnifu yake ya uzamivu huko Berkeley, aliuliza swali hilo kwa lugha ya hisabati: ni sehemu gani ya data inayoweza kuharibika, kwa kiwango chochote kile, kabla jibu halijapelekwa popote? Tukiite kikomo cha kuanguka. Kwa wastani jibu ni aibu tupu. Namba moja inatosha, hata kama una milioni. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, nao hawakujua kwamba wanaueleza wastani. Kwa mediani kikomo ni nusu: mpaka nusu ya data iharibike ndipo huna uhakika tena wa chochote, na hakuna njia inayoweza kuvuka hapo, kwa sababu ubovu ukishazidi nusu huwezi kujua upi ndio uzima.

Kama mambo ni hayo, kwa nini dunia ilichagua wastani? Haikukosa mbadala. Roger Boscovich, padri Mjesuiti, tayari mwaka 1757 alipokuwa akitafuta umbo la dunia alipendekeza mstari unaopunguza jumla ya makosa yenyewe, njia iliyo ndugu wa mediani. Lakini wanahisabati Legendre mwaka 1805 na Gauss mwaka 1809 walileta njia ya kupunguza jumla ya vipeo vya pili vya makosa. Njia hiyo inakokotoleka vizuri kwa mkono, na Gauss akaiunganisha na ule mchoro wa kengele ambao makosa yalidhaniwa kuufuata. Urahisi wa kukokotoa ulishinda. Tatizo liko kwenye hicho kipeo cha pili. Kosa la 2 linahesabiwa 4, kosa la 70 linahesabiwa 4,900. Namba iliyojitenga haipigi kura moja kama wenzake, inapiga kura kwa kipeo cha pili cha umbali wake.

Ubishi uliofuata unafundisha kuliko fomula. Mwaka 1914 mwanaastronomia Arthur Eddington, yule ambaye miaka 5 baadaye angekwenda kisiwa cha Príncipe kutazama kupatwa kwa jua, aliandika kwamba katika kazi halisi, kupima mtawanyiko kwa wastani wa makosa yenyewe ni bora kuliko kutumia mchepuko sanifu, ingawa vitabu vilisema kinyume. Mtakwimu Ronald Fisher akamjibu mwaka 1920 kwa uthibitisho: kama data inafuata kengele kamili, mchepuko sanifu ni bora kwa asilimia 12 hivi. Fisher alikuwa sahihi, ubishi ukafungwa. Ilipita miaka 40 kabla mtakwimu John Tukey hajaufungua tena. Mwaka 1960 alichukua kengele hiyo hiyo na kuichafua: vipimo vichache vitoke kwenye mtawanyiko ulio mpana mara tatu. Wakati vipimo viwili tu kati ya 1,000 ni vichafu, faida yote ya Fisher imekwisha, na njia ya Eddington iko mbele. Viwili kati ya elfu! Uchafu mdogo kiasi hicho hauonekani kwenye mchoro, na hakuna ofisi ya takwimu duniani inayoweza kuapa kwamba data yake ni safi kuliko hapo. Fisher alithibitisha jambo la kweli kuhusu dunia isiyokuwepo.

Mtakwimu George Box ndiye aliyeupa ustahimilivu jina lake katika takwimu, mwaka 1953. Yeye aliona watu wakifanya kinyume: kabla ya kulinganisha wastani wa makundi, kazi ambayo kwa kweli inastahimili data isiyo ya kengele, walitanguliza kipimo cha kuhakiki kama mitawanyiko inalingana, na kipimo hicho ndicho kilichokuwa dhaifu. Alikifananisha na kupeleka mtumbwi baharini kuangalia kama bahari imetulia kiasi cha meli kubwa kung'oa nanga. Ukaguzi nao unahitaji kukaguliwa, na somo hilo bado halijaingia.

Ushahidi uko kwenye kanuni inayotumiwa kila siku: namba iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya michepuko sanifu mitatu itiliwe shaka. Chukua bei ya kilo moja ya sukari katika maduka 10. Maduka 9 yanauza kati ya shilingi 2,800 na 3,200, katikati yao 3,000. Duka la kumi mdadisi amegusa sifuri mbili za ziada kwenye kishikwambi, ikaingia 300,000. Kanuni itaikamata? Hapana. Wastani sasa ni 32,700, mchepuko sanifu unakaribia 94,000, na ile laki tatu iko umbali wa michepuko 2.85 tu. Imepita getini. Hata ukiandika milioni 300 itapita, kwa sababu kwa vipimo 10 umbali huo kihisabati hauwezi kuvuka 2.85. Kanuni ya mitatu kwenye sampuli ya 10 haiwezi kumkamata mtu yeyote, kamwe. Mwizi ndiye anayeshika tochi: namba mbovu inauvuta wastani upande wake na kuutanua mchepuko, kisha inapimwa kwa rula iliyoipinda yenyewe. Sasa pima kwa mediani. Katikati ni 3,000. Tafuta kila bei iko umbali gani kutoka hapo, uchukue mediani ya umbali huo, ambayo hapa ni 100, uizidishe kwa 1.48 ili ilingane na mchepuko sanifu wa kengele. Ile laki tatu inaonekana iko mbali mara 2,000. Kazi hiyo haihitaji programu ya gharama. Excel yenyewe ina fomula ya MEDIAN, na TRIMMEAN ya kukata ncha.

Katika mistari ya mwelekeo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu nukta iliyo mbali huuvuta mstari mpaka upite karibu nayo, na hivyo kosa lake linaonekana dogo. Zikiwa mbili au tatu zinafichana. Peter Rousseeuw alionyesha mwaka 1984 jinsi ya kupata mstari unaostahimili karibu nusu ya data mbovu. Dawa ipo, na imekuwepo kwa miaka 40, lakini fungua programu yoyote na mstari wa kwanza utakaochorewa ni wa Legendre.

Kati ya wastani unaomsikiliza kila mtu na mediani inayomsikiliza aliyesimama katikati kuna njia ya tatu, na hapo ndipo jina la Peter Huber linapoingia. Mswisi huyu alipendekeza mwaka 1964 kwamba kosa dogo lihesabiwe kwa kipeo cha pili, kama Gauss, lakini likivuka mpaka fulani lihesabiwe lenyewe, kama Boscovich. Namba iliyojitenga hainyamazishwi. Inasikilizwa, ila sauti yake ina kikomo. Mpaka ukiwekwa kwenye 1.345 ya mchepuko, njia hiyo inabakiza asilimia 95 ya ubora wa wastani siku data ikiwa safi, na haiporomoki siku ikiwa chafu. Ni kama bima. Unalipa asilimia 5 kila siku, na hutaki siku ya kudai ifike.

Usidhani basi kwamba kukata ncha kunamaliza matatizo. Riba ya Libor, iliyokuwa msingi wa mikopo mingi duniani, ilikokotolewa kwa njia ambayo mwalimu wa takwimu angeisifu. Benki za jopo zilitaja kila moja riba yake, robo ya juu ikaondolewa, robo ya chini ikaondolewa, wastani ukachukuliwa kwa zilizobaki. Benki moja haikuweza kuipeleka popote ilipotaka. Hata hivyo Juni 2012 Barclays ilitozwa faini ya takriban pauni milioni 290 na mamlaka za Uingereza na Marekani kwa kuichezea, na benki nyingine zikafuata. Waliochezea hawakuhitaji kutaja riba ya kichaa. Walisogeza kidogo, ndani ya kundi, na hata ile iliyokatwa iliamua nani asikatwe. Ustahimilivu wa Hampel na Huber uliundwa kwa ajili ya makosa. Makosa hayajui fomula inakataje, wafanyabiashara wa riba walijua.

Hatari ya upande wa pili ni kutupa habari ukidhani unatupa takataka. Mwezi Mei 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza katika jarida la Nature kwamba juu ya kituo chao cha Halley, Antaktiki, tabaka la ozoni linapungua vibaya kila majira ya kuchipua. Setilaiti ya Nimbus 7 ilikuwa ikipita juu ya eneo hilo hilo. Hadithi inayopendwa vijiweni ni kwamba kompyuta za Marekani zilitupa vipimo vya chini sana, na shimo likakosa kuonekana. Haikuwa hivyo hasa. Vipimo vilivyoshuka chini ya 180 (kwa vizio vya Dobson) viliwekewa alama ya shaka, wataalamu walikuwa wameanza kuvichunguza, ila Farman na wenzake waliwatangulia kuchapisha. Toleo hili la kweli lina faida zaidi kwetu. Kuweka alama si kosa. Huwezi kutazama kila kipimo cha setilaiti kwa macho. Kinachohesabika ni muda unaopita kati ya alama na mtu wa kuisoma. Njia stahimilivu hufanya vizuri kazi ya kukuonyesha nani amejitenga. Kwa nini amejitenga ni kazi nyingine, na mara nyingi inataka umpigie simu mdadisi.

Hadi hapa tumeuliza namba ngapi zingeangusha jibu. Panda ngazi moja: ni maamuzi mangapi? Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi zenye deni la umma lililovuka asilimia 90 ya pato la taifa zilikua kwa wastani wa asilimia −0.1 kwa mwaka. Namba hiyo ilitajwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zikaze mkanda. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walipata 2.2. Vyombo vya habari viliikazia Excel: fomula iliishia mapema, nchi 5 zikaachwa. Inachekesha, lakini kwangu si hapo penye uzito. Penye uzito ni New Zealand. Kutokana na miaka iliyoachwa na jinsi wastani ulivyochukuliwa nchi kwa nchi, New Zealand iliwakilishwa katika kundi la deni kubwa na mwaka mmoja, 1951, uchumi wake ulipodidimia kwa asilimia 7.6. Uingereza ilikuwa na miaka 19 katika kundi hilo, ikikua kwa wastani wa 2.4. Kila nchi ikapewa uzito sawa. Mwaka mmoja wa Wellington ukalingana na miaka 19 ya London. Hakuna namba iliyokosewa hapo, −7.6 haikuwa sifuri iliyoongezwa. Muundo wa hesabu uligeuza kipimo halali kuwa kilichojitenga. Na haki itendeke: baada ya kusahihishwa, 2.2 bado iko chini ya 3.2 ya nchi zenye deni la kati. Kilichoanguka ni ile ngazi ya kutisha kwenye asilimia 90. Mteremko wa polepole ulibaki.

Kesi iliyo karibu nasi ni ya Busia, magharibi mwa Kenya. Edward Miguel na Michael Kremer, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi ya 2019, walifuatilia shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa za minyoo zilitolewa kwa awamu, kundi la kwanza mwaka 1998, la pili 1999. Makala yao ya 2004 ilisema utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata shule za jirani zisizopewa dawa zilinufaika, kwa sababu minyoo ilikuwa na pa kuambukizia pachache. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba za kitropiki cha London walirudia hesabu nzima. Walikuta kosa la programu: katika kupima manufaa kwa majirani, ilihesabu shule 12 za karibu tu. Likisahihishwa, manufaa ya umbali wa kilomita 3 hadi 6 yanapoteza nguvu. Walikwenda mbali zaidi. Walitenganisha mwaka wa kwanza na wa pili, ushahidi ukapungua makali. Wenye utafiti wakajibu kwamba ukigawa data vipande viwili nguvu lazima ipungue, na kwamba hiyo si dalili ya udhaifu wa matokeo.

Wachambuzi walipigana kwa miezi, wengine wakitaka kusikia kwamba utafiti umeanguka, wengine kwamba umesimama. Ukiuliza swali letu, vita inapoa. Manufaa kwa shule za mbali yaliangushwa na mstari mmoja wa programu. Mahudhurio bora katika shule zilizopewa dawa hayakuangushwa na mstari huo, ila yanalegea ukichagua kugawa miaka. Hayo ni majibu mawili ya ustahimilivu tofauti ndani ya makala moja. Na jambo la kupigiwa mfano ni kwamba tunaweza kuyatenganisha, kwa sababu Miguel na Kremer walitoa data na programu zao. Utafiti usiotoa data haujawahi kuanguka, na huo si ustahimilivu.

Ngazi ya mwisho ni mchambuzi mwenyewe. Katika jaribio lililochapishwa 2018, timu 29 zilipewa data moja ya ligi kuu za soka za Ulaya na swali moja: je, wachezaji weusi huonyeshwa kadi nyekundu mara nyingi zaidi ya weupe? Timu 20 zilisema ndiyo, kuna ushahidi. Timu 9 hazikuuona. Makadirio yalitoka uwiano wa 0.89 hadi 2.93. Hakuna aliyedanganya, na namba mbovu haikuwa chanzo. Mmoja alizingatia nafasi ya mchezaji uwanjani, mwingine alimzingatia mwamuzi, wa tatu alichagua fomula nyingine. Edward Leamer alikuwa amelalamikia jambo hili katika uchumi tangu 1983, akitaka wachambuzi waonyeshe majibu chini ya dhana nyingi. Leo majarida yanadai majedwali ya namna hiyo na watafiti wanayaleta, kumi, ishirini, mwishoni mwa makala. Nimeyasoma mengi, na siyaamini sana. Anayechagua majaribio ni yule yule anayetaka jengo lisimame, naye huligonga pale anapojua ni zege. Ningependa kila makala ilazimike kueleza pia badiliko dogo kabisa ambalo lingeliangusha jibu lake.

Turudi kwa Newcomb. Hakuwa mjinga. Mwaka 1886 alichapisha nadharia ya kuchanganya vipimo vya ubora tofauti ambayo kwa kiasi kikubwa ilimtangulia Tukey. Na mwaka 1977 mtakwimu Stephen Stigler alichukua data yake, pamoja na data nyingine za kale ambazo majibu yake ya kweli yamejulikana baadaye, akazipima njia za kisasa. Wapenzi wa ustahimilivu hawakufurahi: njia kali hazikushinda kwa mbali, na iliyopendeza zaidi ilikuwa wastani uliokatwa asilimia 10 tu kila upande.

Sababu inaonekana ukitazama jibu lenyewe. Katika mizani ya Newcomb, tunavyojua leo, mwanga ulipaswa kutumia 33. Ondoa −44, ondoa −2, safisha kila kitu, kokotoa masafa ya uhakika wa asilimia 95: ni kati ya 26.5 na 29. Nafasi ya 33 iko nje. Mitambo yake yote ilikuwa imeegemea upande mmoja, na mediani inastahimili vipimo vichache vilivyopotoka, haistahimili vyote vikipotoka pamoja. Kati ya vipimo 66, vinane tu viko juu ya 33. Viwili vilisoma 33 kamili, na vilikaa humo kwenye orodha pamoja na vingine, bila alama yoyote.